Kizuri Chajiuza? Hoja juu ya Albamu za Krismasi

Wako wanaoamini kwamba soko ni kadhi asiyepokea rushwa. Kila mwisho wa mwaka, zinapotangazwa Marekani na Uingereza orodha za albamu zilizouzwa kwa wingi katika msimu wa Krismasi, kadhi huyo huletwa barazani na kutakiwa atoe hukumu: nyimbo hizi zimenunuliwa na mamilioni, basi nyimbo hizi ndizo bora. Akitokea mtu wa kuuliza juu ya maneno yake, beti zake na fikra zake, hujibiwa kwa tarakimu. Na hoja hiyo ifikapo pwani haikosi kupambwa kwa methali ya wahenga: kizuri chajiuza.

Anayeitumia methali hiyo kwa namna hiyo ameikata katikati. Nusu yake ya pili yasema kwamba kibaya chajitembeza. Na lau ipo bidhaa ya muziki iliyotembezwa mno duniani, basi ni albamu ya Krismasi. Hutolewa Oktoba au Novemba, ikapangwa karibu na mlango wa duka, ikapigwa redioni asubuhi na jioni, ikasikika katika kila ukumbi wa biashara, hata ikifika Disemba hakuna sikio lililosalia salama. Kitu kilichotembezwa hivyo hakiwezi kusimama mbele ya watu kikadai kwamba kimejiuza.

Hapa pasizuke utata. Sikukuu ya Krismasi ni tukufu kwa wanaoiadhimisha, na miongoni mwa nyimbo zake zimo tungo ambazo mshairi wa dini yoyote angeona fahari kuzitunga. Ugomvi hauko na sikukuu wala na waimbaji. Ugomvi uko na mizani. Mshairi ana mizani zake na muuzaji ana mizani zake, na balaa huanza pale mizani za muuzaji zinapotumiwa kupimia ushairi.

Ni kitu gani hasa kinachopimwa? Jina lenyewe la bidhaa latoa dalili. Santuri za zamani zilibeba wimbo mmoja kila upande, na aliyetaka nyimbo kumi aliuziwa santuri tano ndani ya jalada lenye kurasa za mifuko, mfano wa kitabu cha kuwekea picha. Jalada hilo ndilo lililoitwa albamu. Mwaka 1945 kampuni ya Decca ilizikusanya nyimbo za Krismasi za Bing Crosby katika jalada la namna hiyo, na mkusanyo huo, uliohamishiwa baadaye katika santuri ndefu, haujaacha kuchapishwa hadi leo. Tangu hapo albamu ya Krismasi ikawa ni kifurushi: kitu kinachofungika vizuri, chenye picha ya kupendeza, kisichomkera mama wala babu. Mtu humnunulia mkwewe, jirani yake au mkubwa wake wa kazi, kwa sababu hakujua ampe nini kingine. Aghalabu mwenye kununua siye mwenye kusikiliza, na mwenye kupewa hakuulizwa. Orodha ya mauzo imehesabu mkono uliotoa fedha. Sikio halimo katika hesabu.

Tazama mfano wa Elvis Presley. Albamu yake ya Krismasi ilitoka Oktoba 1957, naye alikuwa katika kilele cha umaarufu wake. Mwaka 1970 kampuni yake iliitoa upya, baada ya kubadilisha baadhi ya nyimbo, chini ya Camden, tawi lake la santuri za bei rahisi. Toleo hilo rahisi ndilo lililopata vyeti vingi zaidi; lilivuka kwa mbali toleo la kwanza na kuingia katika hesabu ya mamilioni kumi. Sauti ni ileile, na nyimbo nyingi ni zilezile. Iwapo mauzo ni hukumu juu ya uzuri, basi uzuri huo uliongezeka vipi kwa kupunguzwa bei? Ukweli ni kwamba kilichopimwa hapo ni urahisi wa kutoa zawadi.

Na hata hayo mamilioni yataka kutazamwa kwa jicho la pili. Vyeti vya dhahabu, vilivyoanza kutolewa na chama cha makampuni ya santuri cha Marekani mwaka 1958, na vya platinamu vilivyofuata mwaka 1976, vilisimama kwa miaka mingi juu ya hesabu ya nakala zilizopelekwa madukani, baada ya kutolewa zile zilizorudishwa. Nayo orodha ya jarida la Billboard, inayotajwa kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni, hadi mwaka 1991 ilitegemea taarifa za wenye maduka wenyewe juu ya kile walichoona kinakwenda. Ilipokuja hesabu ya mashine mwaka huo, ikawekwa kanuni ya kuziondoa albamu za zamani katika orodha kuu na kuzitenga katika orodha yao. Kwa hivyo hadi mwisho wa mwaka 2009 albamu ya Krismasi ya miaka arobaini iliyopita iliweza kuuzwa kuliko nyingi mpya, na jina lake lisionekane mahali pakuu. Kanuni ilipofutwa, wazee wakarudi orodhani kila Disemba. Wasikilizaji hawakubadilika usiku mmoja. Aliyebadilika ni mshika mizani. Kadhi anayeamua kwanza ni mashahidi gani wasikizwe hastahili kusifiwa kwa uadilifu.

Lakini hayo ni mambo ya biashara, na msomaji wa mashairi aweza kusema kwamba hayamhusu. Yanayomhusu ni haya yafuatayo.

Wimbo unaotajwa kuwa umeuzwa kuliko wote katika santuri moja ni ule wa Irving Berlin unaoitwa White Christmas, alioutia sauti Crosby Mei 1942. Kitabu cha rekodi cha Guinness huukadiria kwa zaidi ya nakala milioni 50. Mauzo yalikuwa makubwa kiasi kwamba mchapo wa asili ulichakaa kwa kutumiwa, hata Crosby akalazimika kurudi studio mwaka 1947 kuuimba upya. Wimbo huo unajulikana kuwa ni wimbo wa theluji. Lakini Berlin aliuandikia ubeti wa utangulizi, na ndani ya ubeti huo msemaji hayumo katika theluji. Yumo California, mkesha wa Krismasi, jua linawaka, majani ni ya kijani, michungwa na mitende inayumba kwa upepo, naye roho yake iko kaskazini. Hivyo ndivyo shairi lilivyokusudiwa: kilio cha mtu aliye mbali na kwao, aliyezungukwa na uzuri usiokuwa wake. Msomaji wa pwani, aliyezoea mashairi ya wasafiri na ya walioachwa bandarini, angelielewa mara moja. Katika santuri iliyouzwa, ubeti huo haumo. Umekatwa, na kilichobaki ni picha ya theluji inayofaa kuwekwa juu ya kadi.

Itasemwa kwamba wimbo ulifanikiwa hata bila ya ubeti huo. Ni kweli, na sababu yake inajulikana. Katika Disemba ya mwaka 1942 vijana wa Marekani walikuwa vitani ng'ambo, wengine katika visiwa vya joto vya Pasifiki, nao waliuomba wimbo huo tena na tena katika redio ya jeshi. Wao hawakuhitaji kuambiwa juu ya mitende, kwa kuwa walikuwa wamelala chini yake. Ubeti uliokatwa katika santuri waliuishi wenyewe. Hapo wimbo ulipendwa kwa haki, na kilichopendwa ni ile huzuni ya ndani. Berlin mwenyewe, Myahudi aliyezaliwa katika dola ya Urusi na kuhamia Marekani akiwa mtoto, hakuwa na Krismasi ya furaha ya kukumbuka: mwanawe mchanga alifariki siku ya tarehe 25 Disemba 1928. Ni tarakimu gani ya mauzo inayoweza kuonyesha jambo hilo? Milioni 50 zataja wingi tu. Juu ya huzuni hazina neno.

Upande mwingine wa mizani hiyo hiyo iko albamu ya Kenny G, Miracles, iliyotoka mwaka 1994. Ilishika nafasi ya kwanza Marekani, na vyeti vyake vimefikia nakala milioni 8. Ni albamu ya saksafoni. Haina neno hata moja. Si dhambi kupiga ala bila ya kuimba. Taarab yenyewe ina bashrafu zake, na hakuna aliyewahi kulalamika. Lakini zile ni nyimbo zilizotungwa kwa maneno, na wanunuzi mamilioni hawakuona kwamba kuna kilichokosekana. Hilo lisemwe wazi: katika soko la Krismasi maneno yaweza kutolewa kama mbegu za chungwa, na bei isishuke hata senti.

Katika albamu hiyo umo wimbo unaofahamika kwa Kiingereza kuwa Silent Night. Umo pia katika mkusanyo wa Crosby, umo katika albamu ya Presley ya 1957, umo katika ile ya Mariah Carey ya 1994, umo katika Noël ya Josh Groban, iliyotoka Oktoba 2007 na ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote Marekani kwa mwaka mzima ingawa ilikuwa sokoni kwa chini ya miezi mitatu, na umo katika Christmas ya Michael Bublé ya mwaka 2011. Albamu sita, mamilioni kwa mamilioni ya nakala, na shairi moja ndani ya zote. Ni wangapi kati ya wanunuzi hao wawezao kulitaja jina la mshairi?

Jina lake ni Joseph Mohr. Alizaliwa Salzburg mwaka 1792, akawa padri kijana, na aliandika beti sita kwa Kijerumani mwaka 1816, wakati vita vya Napoleon vilipokwisha na nchi yake imechoka. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818, katika kijiji cha Oberndorf, alimpelekea mwalimu wa shule Franz Gruber amtilie sauti, na usiku huo wawili hao wakaimba kwa gitaa. Wimbo ukaondoka kijijini, ukachukuliwa na familia za waimbaji wa milima ya Tirol, ukachapishwa bila ya jina la mtu, ukazunguka Ulaya na Marekani kama yatima. Wenye elimu walidhani ni kazi ya mabwana wakubwa wa muziki. Gruber alilazimika mwaka 1854 kuandika maelezo ya jinsi ulivyotungwa. Mohr hakuyaona maelezo hayo. Alikuwa amefariki mwaka 1848, maskini, katika kijiji cha Wagrain. Na haikuwa ila mwaka 1995 ulipopatikana muswada kwa hati ya mkono wake mwenyewe, ukakata mjadala. Wimbo uliokuwa umeuzwa katika kila nchi ya Kikristo ulihitaji miaka zaidi ya 170 kumpata mwenyewe.

Hata beti zake hazikusalimika. Aliandika sita, zinazoimbwa katika albamu kwa kawaida ni tatu. Maneno ya Kiingereza yanayojulikana mno ni tafsiri ya John Freeman Young, kasisi wa Marekani, ya mwaka 1859, naye hakutafsiri zaidi ya tatu hizo. Mfasiri huyo ametajwa mara chache kuliko hata mshairi. Kisha ikaja saksafoni ya mwaka 1994, ikamwondoa mshairi na mfasiri kwa pamoja, ikambakisha Gruber peke yake. Wimbo umeimbwa kwa Kiswahili pia, katika makanisa ya Afrika ya Mashariki. Huko nako mwenye kufungua kitabu cha nyimbo amtafute aliyeutia katika lugha hii aone kama atampata kwa wepesi.

Watetezi wa soko wana jibu jipya siku hizi, na ni haki lisikizwe. Wanasema kwamba lawama juu ya zawadi zimepitwa na wakati. Tangu Disemba 2014 orodha ya Billboard huhesabu pia nyimbo zinazosikilizwa kwa intaneti. Mikono imeachwa, masikio ndiyo yahesabiwayo. Jibu hili lina sura ya ukweli. Lakini tazama lilivyotekelezwa: ilikatwa shauri mwaka huo kwamba nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500, ihesabiwe kuwa albamu moja imeuzwa. Hakuna aliyenunua, hakuna aliyeuza, na albamu imeuzwa. Tena mashine haitofautishi baina ya mtu aliyefumba macho akausikiliza wimbo hadi mwisho na ukumbi uliouacha uimbe kutwa nzima huku watu wakipika, wakizozana au wamelala. Wimbo wa Mariah Carey unaojulikana mno, alioutunga pamoja na Walter Afanasieff, ulifika nafasi ya kwanza Marekani Disemba 2019, miaka 25 baada ya kutolewa, na tangu hapo umezoea kurudi. Ni wimbo wa mapenzi uliotengenezwa kwa ufundi, na msemaji wake asema kwamba hataki zawadi, amtaka mpenzi wake tu. Hilo nalo limekuwa ni sauti ya kumsindikizia mtu dukani kununua zawadi. Zamani orodha ilipima ukarimu. Sasa inapima mazoea. Ushairi haujapimwa bado.

Na kuna madhara yanayozidi kusahauliwa kwa majina. Tarakimu ikishakuwa hoja, maneno ya wimbo hayakosolewi tena. Mfano wake ni santuri ya Band Aid ya mwaka 1984. Si albamu, lakini ni mtoto wa soko lile lile la Disemba. Bob Geldof na Midge Ure waliitunga kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia, nayo ikauzwa Uingereza kwa mamilioni. Fedha ziliwafikia wenye shida, na hilo halikanushiki. Lakini jina la wimbo ni swali linalouliza kama watu wale wajua kwamba ni Krismasi. Swali hilo liliulizwa juu ya nchi ambayo wafalme wake wa Aksum waliupokea Ukristo katika karne ya 4, kabla ya watu wa Uingereza wengi kuujua, na ambayo huadhimisha Krismasi yake, Genna, tarehe 7 Januari. Mwanafunzi wa madrasa yeyote Lamu au Unguja aliyesikia habari za Najashi wa Habasha angeligundua kosa. Hata hivyo wimbo ulirekodiwa tena mwaka 1989, na 2004, na 2014 safari ile ya maradhi ya Ebola, ndipo msanii Fuse ODG, mwenye asili ya Ghana, alipokataa kuimba kwa sababu ya maneno yake. Miaka 30 ilipita maneno hayo yakilindwa na mamilioni yaliyouzwa. Ubeti mbovu ulijificha nyuma ya sadaka njema, na mwenye kuukosoa alionekana kama adui wa wenye njaa.

Kwa nini jambo la Disemba ya nchi za theluji limshughulishe msomaji wa visiwani? Kwa sababu pwani ina desturi yake ya nyimbo za msimu, na desturi hiyo inaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Kila ufikapo Mfunguo Sita husomwa maulidi ya Barzanji. Yamesomwa majumbani na misikitini, vizazi kwa vizazi, na wala hakuna aliyeuliza ni nakala ngapi zimeuzwa. Na jina la mtungaji, Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina, limekuwa ndilo jina la utungo. Mtu hawezi kuuomba usomwe bila ya kumtaja mwenyewe. Huko Lamu husomwa Hamziya, iliyotungwa kwa Kiarabu na al-Busiri, na wenye kuienzi kwa Kiswahili wanajua kwamba aliyeitafsiri ni Sayyid Aidarus. Mshairi ana jina, mfasiri ana jina, na beti zasomwa kwa ukamilifu wake. Hayo yalifanywa na watu wasiokuwa na orodha ya mauzo hata moja.

Amana hiyo sasa imo hatarini, na hatari haitoki ughaibuni pekee. Wimbo mpya ukitoka pwani, jambo la kwanza linalotangazwa ni idadi ya waliouangalia kwenye intaneti, na mara nyingi ndilo la mwisho. Anayeuliza nani ametunga maneno huonekana mzee asiyejua dunia imefika wapi. Vijana wenye kipaji cha kutunga wanajifunza kutokana na hayo somo moja tu, nalo ni kwamba neno ni kifungashio na tarakimu ndiyo bidhaa. Mshairi akishaliamini hilo, hatahangaika tena na vina wala mizani. Atahangaika na namna ya kuhesabiwa.

Linalotakiwa si kuvunja maduka wala kuwazuia watu wasipeane zawadi. Linalotakiwa ni adabu ndogo ambayo haina gharama. Mtangazaji anapoupiga wimbo, wa Krismasi au wa Idi, amtaje mtunzi wa maneno kabla ya mwimbaji. Mchapishaji wa kitabu cha nyimbo aandike jina la mfasiri. Mwenye kuimba aimbe beti zote, au aseme ni zipi alizoziacha. Na mhakiki anayeona haya kusema kwamba wimbo uliouzwa mamilioni una maneno dhaifu, au kwamba una maneno mazuri yaliyokatwa ili uuzike, akumbuke kwamba hiyo ndiyo kazi yake; ya kuhesabu ina watu wake wa kutosha.

Mohr aliandika beti zake sita, na zote sita zimo katika ule muswada uliopatikana mwaka 1995. Anayetaka kujua thamani ya shairi lake na azisome zote sita, kisha aulize ni kwa nini dunia imeuziwa tatu.